Je, Ni Haki Mfungwa Apewe Dawa ya Kumkinga na Ukimwi?

Mwezi huu twataka kulitazama swali moja ambalo kwa kulisikia tu laonekana kuwa ni la madaktari na mabwana magereza peke yao, lakini ukilichungua waona kwamba ni swali la kila mtu apendaye kupima haki. Swali lenyewe ni hili: ikiwa iko dawa iwezayo kumkinga mtu asiambukizwe virusi vya Ukimwi, je, ni haki dawa hiyo apewe na mtu aliye kifungoni, au atokaye kifungoni, au aliye chini ya amri ya korti? Wengine hujibu upesi kwamba ni haki, wala hawataki kusikia zaidi. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba si haki hata kidogo, maana mwizi hapewi zawadi. Sisi twaona kwamba wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza.

Kwanza yafaa tuijue dawa yenyewe, maana watu wengi huichanganya na dawa wanazomeza wagonjwa. Mgonjwa wa Ukimwi hupewa dawa za kuvizuia virusi vilivyokwisha kuingia mwilini mwake. Dawa tunayoisema hapa hupewa mtu aliyepimwa akaonekana hana virusi, ili vikija vikute mlango umefungwa. Waganga wa hospitali huiita PrEP. Tembe ya kwanza ya namna hii, iitwayo Truvada, iliruhusiwa Marekani kwa kazi hiyo mwezi wa Julai 2012, nayo humezwa moja kila siku. Mwenye kuimeza kama alivyoagizwa huondolewa hatari ya kuambukizwa kwa njia ya kujamiiana kadiri ya 99 katika mia. Na kwa njia ya sindano za kujidunga dawa za kulevya, 74 katika mia au zaidi. Lakini akiacha siku nyingi, kinga nayo hupungua. Mwezi wa Desemba 2021 ikaruhusiwa sindano ya kila miezi 2, na mwezi wa Juni 2025 sindano ya mara 2 tu kwa mwaka, jina lake lenacapavir. Hiyo ya mwisho ilijaribiwa kwa wanawake na wasichana wa Afrika ya Kusini na Uganda, na katika 2,134 waliodungwa hakuonekana hata mmoja aliyeambukizwa. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2024 watu wengi walistaajabu, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Basi, dawa ni njema. Tuwatazame sasa watu.

Katika lugha yetu twasema “mfungwa”, nasi twadhani tumesema jambo moja. Kumbe yako mambo manne ndani yake. Yuko mahabusu, aliyekamatwa angali akingoja kesi yake. Yuko aliyehukumiwa, anayetumikia kifungo chake. Yuko aliyeachiliwa kwa masharti, ambaye hulala kwake lakini lazima aripoti. Na yuko aliyemaliza, ambaye sheria haimdai kitu tena, lakini jirani zake bado wamdai. Huko Marekani, ambako swali hili limejadiliwa kwa miaka mingi kuliko kwingine, watu huingizwa katika jela za wilaya zaidi ya mara milioni 7 kila mwaka, na wengi wao hukaa siku chache tu. Ukiingia katika jela hizo siku yoyote na kuwahesabu waliomo, karibu 7 katika kila 10 hawajahukumiwa kwa kosa lolote. Hata kwetu Afrika ya Mashariki wajua wote waliowahi kutembelea gereza kwamba mahabusu ni wengi.

Twasema haya mapema kwa sababu hoja inayosikika zaidi ni hii: “Walijiletea wenyewe.” Kwa mahabusu hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Huyo mbele ya sheria ni mtu asiye na hatia mpaka ithibitishwe. Akiingia mzima akatoka na maradhi, kisha hakimu akamwachilia kwa kuwa hana kosa, nani atamlipa? Hakuna fidia ya jambo hilo.

Lakini tumwache mahabusu, maana ni rahisi kumtetea. Tumshike yule aliyehukumiwa kwa haki, tena kwa kosa ovu. Twende kortini tusikie hakimu asemavyo. Asema: miaka 3. Asema: miaka 7. Pengine asema: maisha. Hajapata kusimama hakimu akasema: miaka 3, na maradhi yasiyopona juu yake. Hukumu ni kuondolewa uhuru, nayo ina kipimo chake. Kipimo hicho ndicho kinachoitofautisha na kisasi. Maradhi hayana kipimo. Aliyeiba ng'ombe mmoja na aliyeua huweza kuambukizwa siku ile ile, na yule wa ng'ombe akarudi nyumbani amebeba mzigo ambao hakuna aliyempimia. Kwa hiyo asemaye kwamba maradhi ni sehemu ya adhabu, hakika amemwondoa hakimu kitini pake, akampa kiti hicho mdudu asiyeonekana kwa macho.

Wala hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1993, katika gereza la Glenochil nchini Scotland, wafungwa 14 waliokuwa wakijidunga sindano humo ndani walionekana kuwa na virusi. Sindano zilikuwa chache, nazo zilipita mkono kwa mkono. Mwaka 2002, katika gereza la Alytus nchini Lithuania, walionekana zaidi ya 200 katika muda wa miezi michache. Na ili tusidhani kwamba maradhi ya gereza huwapata walevi na wabaya tu, tukumbuke kwamba mwaka 1988 Nelson Mandela aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa huko Pollsmoor. Miaka 27 ya kifungo alipewa na serikali. Kifua kikuu alikipata juu yake. Umoja wa Mataifa uliziandika upya kanuni zake za kuwatunza wafungwa mwezi wa Desemba 2015 ukaziita kwa jina la mtu huyo, na kanuni ya 24 yaagiza kwamba mfungwa apate matibabu ya cheo kile kile wapatacho watu wa nje, bila malipo, na bila kubaguliwa kwa sababu ya hali yake ya kufungwa.

Tumefika sasa penye hoja iliyo nzito, ambayo huwasumbua watu wema kuliko ile ya kwanza. Wao wasema hivi: kumpa mfungwa dawa ya kumkinga na Ukimwi ni kukiri kwamba gerezani hufanyika mambo yasiyopasa kufanyika, na kukiri hivyo ni nusu ya kuruhusu. Serikali inakataza dawa za kulevya, inakataza wanaume kulalana, inakataza wenye nguvu kuwaonea wanyonge. Itawezaje kukataza kwa mkono wa kulia na kugawa tembe kwa mkono wa kushoto?

Hatuidharau hoja hii. Iko kweli ndani yake, nayo ni kweli isiyosemwa vya kutosha: yule bwana gereza agawaye tembe asidhani kwamba amemaliza kazi yake. Katika magereza wako watu wanaoshikwa kwa nguvu usiku, na kelele zao husikika, na askari huenda upande mwingine. Marekani ilitunga sheria mwaka 2003 kwa ajili ya jambo hilo moja tu, kukomesha kunajisiwa kwa wafungwa. Ingekuwa mambo madogo isingehitajiwa sheria ya taifa zima. Mnyonge aliyeshikwa hahitaji tembe kwanza. Ahitaji mlango unaofungwa vema, na taa, na askari mwenye masikio. Ikiwa dawa itatumiwa kama pazia la kufunika uzembe huo, basi wanaoipinga wana haki ya kuuliza.

Lakini hoja yao inakosea mahali pamoja. Wamechanganya kukinga na kuruhusu. Katika kila mji wenye kisima, mzazi huwakataza watoto wasicheze karibu nacho, na atakayeonekana huchapwa. Hata hivyo kisima hufunikwa kwa ubao. Hatujasikia mtoto aliyesema, “Wamefunika, basi wameniruhusu.” Wala hatujasikia mzazi aliyesema, “Nimekwisha kukataza, basi sifuniki, atakayetumbukia amejitakia.” Mzazi wa namna hiyo tungemwona mkatili, ingawa katazo lake lilikuwa la haki kabisa. Katazo na ubao hukaa pamoja bila ugomvi: katazo ni kwa ajili ya adabu, ubao ni kwa ajili ya uhai.

Tena, tufikiri ni nani hasa anayeadhibiwa dawa ikinyimwa. Si mkosaji, maana maradhi hayamchagui mkosaji. Yule aliyenajisiwa ataambukizwa kama yule aliyependa mwenyewe, na pengine upesi zaidi. Na hadithi haiishii ukutani. Karibu wafungwa wote hutoka siku moja. Yuko mke anayengoja. Yuko mchumba. Yuko mtoto atakayezaliwa. Hao hawakuvunja sheria yoyote, wala hawakuwamo katika chumba kile usiku ule, lakini nyumba yao itaingiliwa na kile ambacho gereza lilikataa kukizuia kwa kuchelea kukitaja. Afrika ya Kusini iliamua tangu miaka ya 1990 kugawa mipira ya kiume magerezani, na jimbo la California likaweka sheria ya namna hiyo mwaka 2014. Nchi nyingine nyingi za Afrika zimekataa, zikisema kwamba jambo lenyewe ni kosa la jinai. Zambia nayo, ambayo sheria zake juu ya jambo hili ni kali, imeanza kuitoa dawa ya kukinga ndani ya magereza yake. Haikufuta sheria zake ili kufanya hivyo. Wenye kusema kwamba haiwezekani kuyashika yote mawili na watazame huko.

Sasa liko neno jingine linalowachukiza watu, nasi twalielewa chukizo lao. Huko Marekani mtu huru hana haki, kwa katiba ya nchi, ya kudai serikali imtibu. Lakini mfungwa anayo. Je, haya si mambo yaliyopinduka chini juu?

Haki hiyo ilithibitishwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwezi wa Novemba 1973 mfungwa mmoja wa Texas, J. W. Gamble, alikuwa akipakua pamba kutoka katika gari alipoangukiwa na robota. Aliumia mgongo, na alipoona kwamba hatunzwi ipasavyo akawashitaki wakubwa wa gereza. Kesi ilipanda hata mahakama kuu ya nchi, na mwezi wa Novemba 1976 jaji Thurgood Marshall akaandika hukumu: kumwacha kwa makusudi mfungwa mwenye ugonjwa mkubwa bila kumjali ni adhabu ya kikatili, nayo imekatazwa na katiba. Gamble mwenyewe hakufaidi kwa hukumu hiyo, kwa kuwa ilionekana waganga walikuwa wamemwangalia mara 17 katika miezi 3. Alishindwa kesi yake, akawashindia wengine wote.

Sababu ya hukumu ile ni rahisi, na kila mfugaji aijua. Mbuzi aliye huru hujitafutia majani, na akifa njaa humlaumu mwenye mbuzi kwa shida. Lakini ukimfunga kamba mtini, tangu saa ile majani yake ni kazi yako. Huwezi kusema, “Mbuzi wengine hawaletewi.” Hao wengine hukuwafunga. Mtu huru akitaka dawa ya kukinga aweza kwenda kliniki, au kuazima nauli, au kuhama mahali penye hatari, au kumkataa mtu mbaya na kufunga mlango wake. Mfungwa hawezi hata moja katika hayo. Hachagui atakayelala karibu naye.

Labda mtu atasema: Gamble alikuwa mgonjwa tayari, na dawa hii ni ya mtu ambaye bado hajaugua, je, sheria yamlinda mtu na ugonjwa asioupata? Hata hilo liliulizwa. Mfungwa wa Nevada, jina lake William McKinney, alifungwa chumba kimoja na mtu aliyevuta pakiti 5 za sigara kila siku. McKinney hakuwa ameugua bado. Alilalamika kwamba moshi ule utamwua baadaye. Mwaka 1993 mahakama ile ile ikamkubalia kuendelea na mashtaka yake, maana si lazima mtu angoje maradhi yamwingie ndipo asikilizwe. Kesi hizi mbili hazisemi neno juu ya Ukimwi. Lakini ukiziweka pamoja, twaona ni vigumu kusema kwamba moshi wa sigara ni hatari ya kusikilizwa, na virusi si hatari.

Tuje kwa fedha, maana hapo ndipo maneno mazuri huishia. Dawa ya Truvada ilipokuwa na mwenye kuitengeneza mmoja tu, dawa ya mwezi mmoja iliuzwa Marekani zaidi ya dola 1,500. Tangu 2020 wengine wameruhusiwa kuitengeneza, na bei imeanguka sana. Sindano ya mara 2 kwa mwaka ilianza kuuzwa huko kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka; lakini mwezi wa Septemba 2025 yalitangazwa mapatano kwamba kwa nchi 120 zenye mapato madogo na ya kati itatengenezwa kwa dola 40 hivi kwa mtu kwa mwaka, kuanzia 2027. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba bei si kama mvua inayonyesha yenyewe. Ni jambo linaloamuliwa na watu.

Nalo jambo la nani alipe laweza kumdhulumu mtu bila mtu yeyote kukusudia dhuluma. Marekani wana mfuko wa matibabu ya maskini uitwao Medicaid, uliowekwa mwaka 1965. Sheria ile ile iliyouweka ilikataza fedha zake zisimtibu mtu aliyefungwa, isipokuwa amelazwa katika hospitali ya nje. Basi, mtu maskini aliyekuwa akipata tembe zake kwa mfuko huo siku ya Jumatatu, akikamatwa Jumanne, mfuko unafunga mdomo. Hajahukumiwa. Pengine ataachiliwa Ijumaa. Lakini gharama yake imekwisha kuhamia kwa wilaya, na wilaya ina fedha kidogo, na daktari wa jela ana watu wengi wanaotapika na kutetemeka kwa kukosa pombe. Tembe ya mtu asiye mgonjwa itakumbukwa na nani? Hakuna aliyemchukia mtu yule. Aliangukia tu katika ufa uliopo kati ya makarani wawili.

Mwezi wa Februari 2025 tuliona jambo kama hilo likitufikia sisi wenyewe. Serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha msaada wake wa nje, na pamoja nao fedha za PEPFAR, ambazo tangu 2003 zimenunua dawa nyingi za Ukimwi katika Afrika. Ruhusa ya muda iliyotolewa ilisema kwamba dawa ya kukinga iendelee kutolewa kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha tu. Twafurahi kwa ajili ya akina mama hao, wala hatutaki apunguziwe hata mmoja. Lakini angalieni jinsi orodha ilivyoandikwa. Mtu alikaa mezani akapanga ni nani ana huruma mbele ya macho ya watu na nani hana, akaanza na mama na mtoto, kisha kalamu ikasimama. Mfungwa hakukatwa jina, halikuwa limeandikwa.

Hapa twakiri kwamba jibu si jepesi. Hospitali nyingi za vijijini hazina dawa za kutosha kwa watu wasio na kosa lolote, na mama aliyetembea saa 4 akaambiwa “imekwisha” ana sababu ya kukasirika asikiapo kwamba gerezani ipo. Wako ndugu tunaowaheshimu wanaosema: ikiwa kopo ni moja, mwema na apewe kwanza. Sisi hatufuati njia hiyo. Si kwa sababu mfungwa ni bora, bali kwa sababu hatuoni mganga atapimaje wema. Joto la mwili lina kipimo, damu ina kipimo; wema utapimwa kwa chombo gani, na nani atakishika? Kopo likiwa moja, na limfuate aliye katika hatari kubwa kuliko wengine. Pengine huyo ni msichana wa sokoni, pengine ni dereva, pengine ni mtu wa gerezani. Kanuni hiyo itampa mfungwa leo na kumnyima kesho, nayo ni sawa. Tunachokataa ni kumnyima kwa sababu ya jina lake peke yake. Na tuongeze kwamba mara nyingi kopo si moja kweli; ni moja kwa kuwa waliotunga hesabu walianza kwa kulifanya moja.

Liko onyo moja ambalo watetezi wa dawa hii hulipita haraka, nasi hatutalipita. Mfungwa hakosi dawa tu. Hukosa pia nguvu ya kukataa dawa. Katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, tangu 1951 hata 1974, daktari Albert Kligman aliwatumia wafungwa kujaribia dawa na vitu vya kupaka ngozi, akiwalipa fedha kidogo ambazo kwa mtu wa kifungoni zilikuwa nyingi. Walitia sahihi, ndiyo. Lakini sahihi ya mtu asiye na sabuni wala sigara si sawa na sahihi yako wewe. Kwa hiyo sindano hizi mpya, zinazokaa mwilini nusu ya mwaka, zina hatari yake katika mahali kama pale: bwana gereza aweza kuziona kuwa njia rahisi, adunge wote kwa mstari, amalize. Dawa iliyo haki yake mfungwa lazima iwe ni ile anayoweza kuikataa bila kupoteza siku moja ya msamaha, wala chakula, wala kazi yake ya jikoni.

Tena iwe ya siri. Wanaoyajua magereza wajua mstari wa dawa. Watu husimama dirishani, kila mmoja huitwa, na wote nyuma yake huona rangi ya tembe. Katika nusu saa gereza zima limekwisha kusema: huyu ana Ukimwi, au huyu ni mwanamke wa fulani. Mtu mwenye akili atachagua hatari ya maradhi, ambayo ni ya baadaye, kuliko hatari ya kisu, ambayo ni ya usiku huu. Kisha mkubwa ataandika katika taarifa yake kwamba dawa ilikuwapo na wafungwa hawakuitaka. Taarifa hiyo itakuwa kweli, nayo itakuwa uongo.

Hayo ni ya ndani. Lakini wataalamu wengi waona kwamba mahali pa hatari zaidi si ndani, ni mlangoni. Katika jimbo la Washington walihesabiwa watu 30,237 waliotoka magerezani kati ya 1999 na 2003. Katika wiki 2 za kwanza baada ya kutoka, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya watu wengine wa jimbo. Na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, mara 129. Hesabu hizo si za Ukimwi, lakini zaonyesha hali ya mtu atokaye: hana kazi, hana chumba, marafiki anaowajua ni wale wa zamani, na mwili wake una njaa ya kila kitu alichonyimwa. Wiki hizo hizo ndizo atakazolala popote na kushika sindano yoyote. Basi dawa inayoanza gerezani na kukoma langoni imekoma saa ile ile inapohitajiwa.

Ndiyo maana twaona kwamba jambo la maana kuliko yote katika mwaka 2023 halikuwa dawa mpya bali karatasi. Mwezi wa Januari mwaka huo jimbo la California liliruhusiwa, la kwanza katika Marekani, kutumia fedha za Medicaid kwa ajili ya mfungwa katika siku 90 kabla ya kutoka kwake. Siku 90 zatosha kumpima mtu, kumpima tena, kumweleza, kumwacha afikiri, kumtafutia kliniki iliyo karibu na kwao, na kumpa tembe za kutoka nazo mkononi. Waalimu wa dini wanaoingia magerezani katika nchi zetu waweza kuuliza kwa adabu swali moja tu la namna hiyo: mtu huyu akitoka, dawa yake itatoka pamoja naye, na ataipata wapi mwezi ujao? Mara nyingi hakuna aliyekwisha kuulizwa.

Kwa mahabusu aachiliwaye baada ya siku 3 hizo siku 90 hazipo. Haijulikani mpaka asubuhi ile kwamba jina lake litaitwa. Kwake kazi yote ingepaswa kufanywa kati ya kuitwa jina na kufunguliwa mlango, na katika jela nyingi kazi hiyo bado haijapata mwenyewe.